Gunia Rahisi Lisituulie Punda

Wazee wetu walisema: punda afe, mzigo wa bwana ufike. Methali hiyo imezoeleka mno masikioni mwetu hata baadhi yetu wameichukua kuwa ni ruhusa. Lakini mwenye kuishi kwa jasho la mnyama huyu anajua vizuri kwamba punda akifa njiani mzigo haufiki, na bwana mwenyewe hurudi nyumbani mikono mitupu. Ndiyo sababu leo tumeona vema kuzungumzia jambo ambalo kwa wengine huenda likaonekana dogo, nalo ni chakula cha kununua cha punda na farasi, bei yake, na namna ya kukichagua bila ya kujitia hasarani.

Jambo hili si dogo hata kidogo. Mvua zilipokosekana kwa misimu mitano mfululizo, tangu mwishoni mwa mwaka 2020 hadi mwishoni mwa mwaka 2022, malisho yalikauka katika sehemu nyingi za nchi yetu, na wafugaji waliozoea kuwafungulia wanyama wao asubuhi wakajitafutie walijikuta wakisimama kwenye milango ya maduka ya vyakula vya mifugo. Mvua zilirudi, lakini mazoea ya kununua hayakuondoka, kwa kuwa maeneo ya malisho karibu na miji yetu yanapungua kila mwaka kwa ujenzi wa nyumba na kuwekwa kwa nyua. Mwenye punda wa kubeba maji, mwenye mkokoteni wa kuchukua mawe na mchanga, na yule mwenye farasi wawili watatu wa kupandisha watalii ufuoni, wote sasa wanauliza swali moja: nitanunua gunia gani ambalo mfuko wangu utaliweza na mnyama wangu atashiba?

Hebu tuutazame mji wa Lamu. Mji huo, ambao uliandikwa mwaka 2001 katika orodha ya Urithi wa Dunia, una vichochoro vyembamba ambavyo gari haliwezi kupita. Mchanga, saruji, mawe ya kujengea, unga, mitungi ya gesi, vyote hutoka bandarini na kupanda mitaani juu ya mgongo wa punda. Nyumba nzuri za mawe tunazojivunia mbele ya wageni zimejengwa na fundi, ni kweli, lakini zimebebwa na punda. Hata hivyo ndani ya mji huo hamna malisho. Punda asiyelishwa na mwenyewe hula anachokiokota, na anachokiokota mara nyingi ni taka. Nchi yetu ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa mwaka 2017, na hilo lilikuwa jambo la busara. Lakini plastiki za aina nyingine zingali zimezagaa majaani, na mnyama anayezila pamoja na maganda ya matunda huzibwa utumbo na kufa kwa maumivu makali. Si ajabu kwamba shirika la The Donkey Sanctuary la Uingereza liliona haja ya kufungua hospitali ya punda mjini humo mwaka 1987.

Zaidi ya hayo, punda si mnyama wa kupatikana kwa urahisi kama zamani. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu punda wapatao milioni 1.8 nchini Kenya. Sensa ya mwaka 2019 ikakuta kiasi cha milioni 1.2 tu. Katikati ya hesabu hizo mbili, tangu mwaka 2016, vilifunguliwa vichinjio vilivyowachinja punda ili ngozi zao zipelekwe Uchina, na wizi wa punda ukaenea vijijini. Serikali ilitangaza kuupiga marufuku uchinjaji huo mwaka 2020, na mwezi wa Februari mwaka 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika walikubaliana kuizuia biashara ya ngozi za punda barani kwa muda wa miaka 15. Ni uamuzi wa kupongezwa. Lakini yatufaa nini kumwokoa punda na kisu cha mchinjaji, kisha tumuue sisi wenyewe kwa gunia baya?

Kosa la kwanza tunalolifanya wengi wetu ni kuitazama bei ya gunia na kuacha kuitazama bei ya siku. Tuchukue mfano wa mtu mwenye farasi mmoja wa kupandisha watalii. Dukani yako magunia mawili, kila moja la kilo 50. La kwanza lauzwa shilingi 1,500, la pili shilingi 2,250. Mwenye haraka atalichukua la kwanza na kujihesabia faida ya shilingi 750. Lakini gunia hilo la kwanza limejaa makapi, hivyo kwamba farasi hana budi kupewa kilo nne kwa siku ili mbavu zake zisitokeze, ilhali la pili limechanganywa kwa uangalifu na kilo mbili zinamtosha. La kwanza litakwisha kwa siku 12 na nusu, na kila siku litagharimu shilingi 120. La pili litakaa siku 25, na kila siku litagharimu shilingi 90. Kwa mwezi wa siku 30, aliyedhani ameokoa shilingi 750 atakuwa amelipa shilingi 900 zaidi ya mwenziwe. Bei za mfano huu ni zetu, na kila mtu aweke zile za duka la mtaa wake; lakini njia ya hesabu ni hiyo hiyo. Wahenga walisema rahisi inavunja upishi, na hapa yavunja hata biashara.

Hatusemi kwamba kila kilicho ghali ni bora. Wako wauzaji ambao hulipaka gunia rangi nzuri, wakachora farasi anayeruka, na kuongeza bei kwa ajili ya picha hiyo. Tunalosema ni kwamba mnunuzi aulize maswali matatu kabla ya kutoa fedha: gunia hili lina nini ndani, lina uzito gani kwa kweli, na mnyama wangu atahitaji kiasi gani kwa siku? Asiyeweza kujibiwa maswali hayo na muuzaji anauziwa mbuzi katika gunia.

Lakini hata kabla ya kulifikia gunia, yafaa tuelewe mnyama mwenyewe ameumbwa vipi. Farasi na punda hawakuumbwa kama ng'ombe, wala hawakuumbwa kama kuku. Tumbo lao ni dogo, na kazi kubwa ya kuyeyusha majani hufanyika nyuma, katika utumbo mpana, ambamo mna mamilioni ya vijidudu vinavyoyachachua majani hayo na kuyageuza kuwa nguvu. Kwa hiyo mnyama huyu ameumbwa kula kidogo kidogo kwa muda mrefu wa siku, na chakula chake cha asili ni majani. Anapojazwa nafaka nyingi kwa mara moja, wanga hupita tumboni bila ya kuyeyuka sawasawa, ukaingia katika utumbo mpana na kuchacha kwa nguvu. Matokeo yake ni msokoto wa tumbo, au ugonjwa wa kwato unaomfanya mnyama ashindwe kukanyaga chini. Mnyama aliyekuwa akikuletea riziki asubuhi waweza kumkuta jioni amelala akigaagaa.

Kwa sababu hiyo, kanuni ya kwanza ya kununua chakula kwa bei nafuu ni hii: nunua majani kwanza, gunia baadaye. Punda wa kawaida mwenye uzito wa kilo 150 hivi anahitaji chakula kikavu cha kiasi cha kilo mbili na robo hadi tatu kwa siku, na sehemu kubwa ya hicho iwe ni majani makavu au mabua. Farasi mwenye kilo 400 atataka kiasi cha kilo nane. Robota la majani makavu lenye kilo 15 humtosha punda mmoja kwa siku tano au sita. Punda ana sifa moja kubwa kumshinda farasi: huyanufaikia zaidi majani magumu na makavu, na asiyefanya kazi nzito, ambaye si mja mzito wala hanyonyeshi, huenda asihitaji gunia lolote kabisa. Wapo miongoni mwetu wanaomnunulia punda chakula cha kusagwa huku wakimnyima majani, wakidhani wanamheshimu. Kumbe wanatumia fedha nyingi kumdhuru.

Katika kuchagua robota, macho na pua vyatosha. Majani ya Rhodes, ambayo hulimwa sana hapa nchini, yawe yamekatwa yalipoanza kutoa maua, si baada ya kukomaa na kuwa kama fimbo. Yawe na rangi ya kijani iliyofifia, yanukie vizuri, na yakikung'utwa yasitoe vumbi la ukungu. Robota lililonyeshewa likakauka tena si la kununuliwa hata kwa nusu ya bei. Nao wakulima wetu wasichome mabua ya mahindi wala kuyatupa majani ya kunde na pojo baada ya mavuno. Hivyo ni vyakula, na majani ya kunde yaliyoanikwa vizuri yana protini nyingi kuliko majani makavu ya kawaida.

Sasa tulifikie gunia lenyewe. Hapa Pwani na kwingineko nchini, chakula cha kununua kinachojulikana zaidi ni pumba. Pumba ya ngano na ya mahindi ina faida zake: ni rahisi kupatikana, wanyama huipenda, na huwapa nguvu. Lakini ina kasoro moja ambayo haionekani kwa macho. Pumba ina madini mengi ya fosforasi na chokaa kidogo sana. Katika pumba ya ngano fosforasi yaweza kuizidi chokaa karibu mara kumi. Mnyama anayelishwa pumba nyingi kwa miezi mingi hulazimika kuichota chokaa katika mifupa yake mwenyewe ili kuusawazisha mwili. Mifupa hudhoofika, mnyama huchechemea bila ya jeraha, na mwishoni mifupa ya uso huvimba. Ugonjwa huo umejulikana kwa muda mrefu Ulaya, ambako uliwapata hasa farasi wa wenye vinu vya kusagia nafaka, kwa kuwa hao ndio waliokuwa na pumba tele. Tiba yake si kuitupa pumba, bali ni kuipunguza iwe nyongeza badala ya mlo mzima, kuongeza majani ya jamii ya kunde au alfalfa ambayo yana chokaa nyingi, na kuchanganya chokaa kidogo ya kulishia mifugo kwa kipimo atakachokitoa mganga wa mifugo. Tunasisitiza kwamba chokaa hiyo ni ile inayouzwa kwa ajili ya mifugo, wala si ile ya kupaka ukutani.

Watu wa Pwani wanayo mali nyingine ambayo hawajaithamini vya kutosha, nayo ni mashudu ya nazi. Nazi ikisha kukamuliwa mafuta, mabaki yake huwa na protini inayokaribia asilimia 20, ufumwele wa kutosha, mafuta kidogo yaliyosalia, na wanga haba. Kwa mnyama ambaye adui yake ni wanga mwingi, hiki ni chakula chema, na katika nchi nyingine zenye minazi hulishwa farasi. Kwa punda anayebeba mizigo mizito, au aliyekonda, kiasi kidogo cha mashudu pamoja na majani chaweza kumrudishia nguvu kwa gharama ndogo kuliko gunia lililosafirishwa kutoka bara. Sharti ni moja: yawe mapya. Mashudu yaliyokaa huchacha, na nazi iliyokaushwa vibaya hushikwa upesi na kuvu.

Hapo ndipo tunapofika kwenye hatari ambayo ni lazima tuiseme kwa sauti kubwa. Nchi yetu haijasahau mwaka 2004, ambapo watu 125 walifariki katika sehemu za Ukambani baada ya kula mahindi yenye sumukuvu, yaani aflatoksini. Tangu wakati huo tumejifunza kuyakagua mahindi ya chakula chetu. Lakini mahindi yanayokataliwa jikoni huenda wapi? Mara nyingi mtu husema: haya si ya watu, mpe punda. Sumu haijui tofauti ya mtu na punda. Yote mawili ni maini. Gunia lenye harufu ya uvundo, lenye madonge, lenye rangi ya kijani au nyeusi, au lililolowa likaanikwa tena, halina bei nafuu. Hata likitolewa bure ni ghali.

Hatari ya pili ni kubwa zaidi, kwa sababu hata mtu mwangalifu aweza kutumbukia humo. Baadhi ya wenye punda na farasi, wakiona kwamba chakula cha farasi hakipatikani au kina bei kubwa, hununua chakula cha kuku au cha ng'ombe wa maziwa, wakisema kwamba chakula ni chakula. Sivyo. Vyakula vingi vya kuku, na baadhi ya vile vya ng'ombe, hutiwa dawa ya jamii ya monensini ili kuwakinga kuku na ugonjwa wa kuhara damu au kuwanenepesha ng'ombe. Dawa hiyo haimdhuru kuku kwa kipimo chake, lakini farasi na jamaa zake hawaivumilii; kiasi kidogo tu huiharibu misuli ya moyo na kuua, na haina dawa ya kuiondoa. Nacho chakula cha ng'ombe mara nyingine hutiwa yurea, ambayo ng'ombe huweza kuigeuza kuwa protini kwa msaada wa vijidudu vya tumbo lake la kwanza. Punda hana tumbo la namna hiyo. Hanufaiki na yurea, na ikizidi humdhuru. Basi mtu asimnunulie farasi wala punda chakula kilichochanganywa kwa ajili ya mnyama mwingine, hata bei ikiwa nusu. Na kama hakipati chakula cha farasi, ni afadhali abaki na majani, mashudu na pumba kidogo, vitu ambavyo anavijua vimetoka wapi.

Akisha kupata gunia zuri, bado mtu aweza kulipoteza kwa namna ya kulisha. Wengi wetu hupima kwa kopo. Kopo si mizani. Kopo lililojaa mahindi laweza kuwa na uzito mara mbili au zaidi ya kopo lile lile lililojaa pumba, kwa hiyo anayebadili chakula bila ya kubadili kipimo, ama anamshindisha mnyama na njaa ama anamvimbisha. Tunashauri kwamba kila mwenye mnyama aende dukani na kopo lake siku moja tu, alipime kwa kila chakula anachotumia, na aandike. Kwa punda wa kawaida chakula cha kusagwa kisizidi nusu kilo kwa mlo mmoja, na kiwe cha kufuatia majani, si cha kuyatangulia. Chakula kipya kiingizwe polepole, kikichanganywa na cha zamani kwa muda wa siku saba hadi 14, ili vile vijidudu vya utumboni vizoee. Hasa punda mnene au mja mzito asiachwe kukaa na njaa ghafla, kwani mafuta ya mwili wake hujaa katika damu na kumuua. Maji safi yawepo wakati wote, na jiwe la chumvi karibu na hori. Hivi viwili ni nafuu kuliko gunia lolote, na bila ya hivyo gunia halifanyi kazi.

Tena kuna chakula kinachonunuliwa na mwenye punda lakini hakiliwi na punda. Kinaliwa na minyoo. Kingine humwagika chini kwa sababu meno ya mnyama yameota vibaya, akawa anatafuna na kutema. Kabla mtu hajaongeza kipimo cha chakula kwa mnyama aliyekonda, na amwite mganga wa mifugo amtazame meno na kumpa dawa ya minyoo. Gharama ya siku moja hiyo huenda ikamwokolea magunia ya mwaka mzima.

Tunajua lipo jibu ambalo wasomaji wetu wengi watatupa. Watasema: haya yote ni maneno mazuri ya watu walioketi mezani, lakini mtu anayepata fedha zake kwa safari moja moja ya mchanga hana gunia la kuchagua, ananunua kilo mbili za leo, na kesho ni ya Mungu. Hoja hiyo ni ya kweli, wala hatuipuuzi. Ni maskini ndiye anayelipa bei kubwa kuliko wote, kwa sababu anayenunua kilo moja moja hulipa zaidi kwa kila kilo kuliko anayenunua gunia, na anayenunua majani wakati wa kiangazi hulipa zaidi kuliko aliyeyanunua wakati wa mavuno. Hatuna nia ya kumlaumu. Lakini twasema kwamba dawa ya unyonge huo haiko katika gunia rahisi. Iko katika kuungana. Wenye punda kumi wa mtaa mmoja wakichanga kidogo kidogo kila juma, waweza kununua marobota ya lori zima wakati majani ni mengi, wakayaweka mahali pakavu juu ya magogo, na wakagawana mpaka mvua irudi. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba chenyewe hapa ni cha punda.

Kwa upande wa wauzaji na wenye viwanda, tuna maneno machache na yaliyo wazi. Nchi inayo sheria ya vyakula vya mifugo, na liko Shirika la Viwango ambalo kazi yake ni kuhakikisha kwamba bidhaa zinalingana na yale yaliyoandikwa juu yake. Gunia lililoandikwa kilo 50 na kuwa na kilo 45 ni wizi, na wizi huo haupungui uovu kwa kuwa aliyeibiwa ni mwenye punda. Gunia lisiloandikwa limechanganywa nini, kwa mnyama gani na lini, lisiuzwe. Chakula chenye dawa za kuku kiandikwe kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa kwamba ni hatari kwa farasi na punda, kwani onyo ambalo mnunuzi haliwezi kulisoma si onyo. Nao wenye viwanda wafikirie kutengeneza mfuko mdogo wa kilo tano au kumi kwa ajili ya punda wa kazi, wenye madini na vitamini za kuongezea majani tu, na wauuze kwa bei ambayo mchukuzi wa kawaida ataimudu.

Serikali za kaunti nazo zisijitenge. Ufugaji ni miongoni mwa kazi zilizokabidhiwa kaunti kwa katiba ya mwaka 2010. Maofisa wa mifugo ambao huenda vijijini kuzungumza juu ya ng'ombe wa maziwa na kuku wa mayai, waandae pia siku moja ya kuzungumza na wenye punda, tena si ofisini bali bandarini na kwenye vituo vya mikokoteni ambako watu hao wanapatikana. Wakaguzi wapite katika maduka wakiwa na mizani. Na katika miji kama Lamu, patengwe mahali pa kulishia, penye hori na maji, ili punda asiwe mfagizi wa majaa.

Mambo tunayoyaomba si makubwa. Tunamwomba mwenye mnyama ahesabu kwa siku badala ya gunia, atangulize majani, anuse kabla ya kulipa, na asimlishe punda chakula cha kuku. Tunamwomba muuzaji aandike ukweli na apime kwa haki. Tunaiomba kaunti ilinde ambacho tayari kipo. Mtu akishika haya atakuta kwamba chakula cha bei nafuu kwa kweli ni kile kinachomfikisha mnyama wake kesho akiwa na nguvu za kuinua mzigo mwingine. Punda hawezi kulisoma gunia wala kurudisha dukani kitu kibovu. Hula alichopewa, akainama, na kuanza kupanda kichochoro. Kazi ya kumchagulia ni yetu.